Corolla 110 ya 1998: nataka kusikia sauti zote nne za kwaya, dukani wanataka kuniuzia sabufa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Chikongola

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba msaada wa mziki wa gari, na mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana kila nikieleza kwa ufupi huku mtaani najibiwa "weka sabufa" kabla sijamaliza.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, huu ni mwaka wa nane ninayo. Familia yangu ipo Chikongola, Mtwara mjini, ila kituo changu cha kazi ni sekondari moja upande wa Ndanda. Ijumaa nashuka, Jumapili jioni napanda. Ni kama kilometa 160: Nanganga, Nyangao, Mtama, Mnazi Mmoja, unakata kulia, unakuja kutokea Mikindani. Kwa mwendo wangu ni saa mbili na nusu mpaka tatu. AC ilishakufa, kwa hiyo vioo vipo chini safari nzima.

Saa hizo ndizo darasa langu. Mimi ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, na mazoezi ya katikati ya wiki sipo. Katibu ananirekodia kwa simu, ananitumia, nasikiliza njiani, nikifika Jumamosi najua wapi pa kusimamisha na nani wa kumrudia. Tupo 26: soprano tisa, alto saba, tena (wanaume wa sauti ya juu) watano, besi (wanaume wa sauti nzito) watano. Nawafahamu wote kwa sauti hata gizani.

Tatizo ni hili. Nikiweka spika za masikioni, sauti nne zote zipo. Nikiweka kwenye gari nasikia soprano, na kila "s" yao inachana sikio. Alto wapo kwa mbali. Tena na besi hawapo kabisa, kana kwamba wametoka nje kunywa maji. Mwezi uliopita nilimkemea kiongozi wa besi mbele ya wenzake kwamba watu wake hawatoi sauti. Jioni nikasikiliza tena rekodi ileile kwa masikioni, nikawakuta wote watano, wameimba vizuri kabisa. Nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Alipokea, lakini bado linaniuma, na ndiyo sababu nataka jambo hili liishe.

Spika zipo mbili tu, milango ya mbele, za kiwandani, za karatasi. Nyuma hakuna. Ya kulia ukigusa ukingo wake kwa kidole unabomoka. Redio ni ya flashi na Bluetooth, nilifungiwa mwaka 2019 na fundi ambaye alikata plagi ya Toyota akaunga nyaya kwa kusokota na tepu. Redio ya kaseti iliyokuja na gari bado ninayo kwenye boksi.

Kuna jambo moja la ajabu. Nikipeleka balansi yote kulia, au yote kushoto, besi wanarudi kidogo. Nikiirudisha katikati wanapotea. Nimejaribu mara nyingi nikidhani ni masikio yangu.

Duka moja mjini wameniambia nichukue sabufa ya inchi 12 kwenye boksi lake na amplifaya iliyoandikwa wati 1200, jumla 350,000 pamoja na ufundi. Hiyo ndiyo pesa yote niliyonayo, niliitenga msimu wa korosho kutoka shamba la mama, na sitapata nyingine ya kazi hii mpaka msimu ujao. Nichukue? Au nirudishe ile redio ya kaseti, maana wapo wanaosema za Kijapani za zamani zina sauti nzuri?

Natanguliza shukrani.

---

Kijana wa Ligula

Shikamoo mwalimu. Mimi nina Mark II GX100, nina sabufa ya inchi 12 kwenye buti, na nakuhakikishia bila sabufa huna mziki. Spika za mlangoni haziwezi kutoa besi hata uweke za bei gani. Unasema besi haisikiki, dawa ya besi ni sabufa. Ila usikubali 350,000, hapo punguzo lipo. Boksi chongesha mwenyewe kwa seremala, uwapelekee tu kipimo.

Redio ya kaseti achana nayo. Zile za Japani FM yake inaanzia 76 inaishia 90, na stesheni zetu nyingi zipo juu ya hapo mpaka 108. Utalazimika kufunga ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa, ili tu upate taarifa ya habari, na kwenye flashi ndiyo basi.

---

Fundi Rewaya, Lindi

Mwalimu, usitoe hata shilingi kwanza. Soma hapa.

Hilo ulilosema la balansi ndilo jibu lako, umelipata mwenyewe ila hukujua jina lake. Spika moja imeungwa kinyume. Chanya imekaa kwenye hasi na hasi kwenye chanya. Spika ikiungwa hivyo haiungui na wala haizimi, inapiga kama kawaida, ndiyo maana watu wanakaa nayo miaka. Kinachotokea ni kwamba kulia ikisukuma hewa nje, kushoto inavuta ndani. Sauti nyembamba zinapona kwa sehemu kubwa, lakini sauti nene zinakutana katikati ya gari na kufutana. Ukihamishia balansi upande mmoja, hakuna wa kumfuta mwenzake, besi wanarudi. Ulichosikia ni kweli, masikio yako yapo sawa.

Na nakuambia ilitokeaje, kwa sababu naliona kila wiki. Kwa Toyota nyingi za umri huo nilizofungua, nyaya za spika ya mbele kushoto ni waridi kwa chanya na zambarau kwa hasi. Mbele kulia ni kijani mpauko kwa chanya na bluu kwa hasi. Redio za kununua zina utaratibu wake: mbele kushoto nyeupe, mbele kulia kijivu, nyuma kushoto kijani, nyuma kulia zambarau, na kila rangi ina pacha wake mwenye mstari mweusi ambaye ndiye hasi. Sasa ona mtego. Zambarau ipo pande zote mbili na maana yake si moja. Kijani vilevile. Bluu ya Toyota ni spika, bluu ya redio ni ya kuamsha antena au amplifaya. Fundi akikata plagi halafu akaunga kwa kukisia rangi, umeshapotea.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mita. Tafuta betri moja ndogo ya tochi, ya volti moja na nusu. Toa redio kwenye dashibodi na tenganisha nyaya za spika na redio kwanza, usipeleke umeme wa betri kwenye redio. Halafu gusisha: chanya ya betri kwenye waya uliokuwa umeungwa na nyeupe, hasi kwenye ule wa nyeupe yenye mstari. Gusa na kuachia, sekunde moja inatosha. Mtu mwingine akae mlangoni, kava limetolewa, aangalie karatasi la spika. Likiruka nje, ni sawa. Likiingia ndani, imegeuzwa. Fanya na upande wa kijivu.

Ukimaliza rudi hapa utuambie. Mambo ya kununua tutazungumza baadaye.

---

Mwalimu wa Chikongola

Fundi, Mungu akubariki. Nimefanya leo hii na kijana wangu wa darasa la sita, yeye akiwa mlangoni na mimi kwenye dashibodi. Kulia: "Baba, limetoka." Kushoto: "Baba, limeingia." Nikamwambia angalia vizuri, nikagusa tena mara tatu. Limeingia mara zote tatu.

Nimegeuza nyaya mbili za kushoto, nikafunga kwa tepu mpya kwa muda tu, nikawasha rekodi ya Alhamisi. Wakuu, besi wamekaa pale katikati ya dashibodi. Nilizima gari nikakaa kimya kidogo. Tangu 2019 nilikuwa naendesha na kwaya ya sauti mbili.

Sijamaliza shida zote. Kulia inakwaruza nikiongeza sauti, "s" bado zinachana, na tena bado wamejificha nyuma ya alto. Lakini sasa nina imani. Nanunua nini?

---

Alto wa Mikindani

Mwalimu pole na hongera. Nami naimba, alto, na niliwahi kufanya kazi ya kurekodi kwenye redio ya jamii kwa miaka sita. Nataka kusema mambo mawili ambayo fundi hajayagusa.

La kwanza, neno "besi" linawachanganya wewe na kijana wa Ligula. Besi ya kwenye buti na besi ya kwaya si kitu kimoja. Sabufa kwa kawaida tunaikata ifanye kazi chini ya hezi 80 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikipungua sauti inakuwa nene). Mwimbaji wa besi akishuka mpaka noti ya chini kabisa inayoandikwa sana kwenye nyimbo za kwaya, ile E iliyo chini ya mistari, yupo kwenye hezi 82. Yaani pale mwanaume wako mwenye sauti nzito kuliko wote anapoishia kushuka, sabufa ndipo inapoanza. Tena wako wanatembea kati ya hezi 130 na 500 na kidogo. Sisi alto tunaanzia 175 hivi kwenda 700. Soprano wakipanda mpaka C ya juu kabisa wanafika 1047. Kwaya yako nzima ipo juu ya sabufa. Ungetoa 350,000 ukapata mtikisiko wa ngoma ambazo kwaya haina, na tena wangebaki palepale.

Kijana, sikupingi kwa mziki wako. Kwa singeli na amapiano upo sahihi kabisa, sabufa ni lazima.

Zile "s" zinazochana zipo mbali juu, hezi 4000 mpaka 8000 na kuendelea. Ule mchano unaweza kuwa spika iliyochoka, lakini unaweza pia kuwa rekodi yenyewe, na hilo ndilo la pili. Katibu anarekodi na kukutumia vipi? Kama anabonyeza kipaza sauti cha WhatsApp na kuachia, ile sauti inabanwa sana ili iwe nyepesi, na inakuja kama mstari mmoja, hakuna kulia wala kushoto. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayezungumza, si kwa watu 26. Mwambie arekodi kwa programu ya kurekodi iliyo kwenye simu, halafu faili alitume kama dokumenti. Hapo linafika kama lilivyo. Wewe ulihamishie kwenye flashi.

Na simu asiishike mkononi wala asiiweke kwenye benchi la soprano. Aisimamishe mbali kidogo, hatua nne au tano mbele ya kwaya, katikati, kimo cha kifua. Nina hakika nusu ya kilio chako cha tena kinaanzia hapo. Simu ipo wapi wakati wa mazoezi?

---

Mwalimu wa Chikongola

Dada, katibu ni soprano. Simu inakaa mapajani mwake. Na ndiyo, anabonyeza na kuachia.

---

Alto wa Mikindani

Basi anza na hilo Alhamisi hii, ni bure.

---

Kijana wa Ligula

Hezi 80 nilikuwa sijui, nimejifunza. Mwalimu nakuomba radhi kwa kukuharakisha. Fundi naomba uendelee, na mimi nataka kujua habari za milango.

---

Fundi Rewaya, Lindi

Dada wa Mikindani amenisaidia sana, sikuwa na namba hizo. Sasa kwa kazi ya mwalimu: fedha yote iende kwenye milango miwili ya mbele. Nyuma usiweke kitu. Unaendesha peke yako na unataka kwaya isimame mbele yako.

Nunua seti ya spika za inchi 6 na nusu zilizotengana, ile yenye spika kubwa mbili, twita mbili (spika ndogo za sauti nyembamba) na vichujio vyake viwili vya kugawa sauti nene na nyembamba. Ukikosa seti hiyo, za twita katikati zitafanya kazi pia, ila twita itakuwa chini karibu na goti, na matamshi ya maneno yanazama kwenye kiti. Iliyotengana unaipandisha twita kwenye ile pembe ya plastiki karibu na kioo cha pembeni, ikuangalie. Kwaya inapanda juu ya dashibodi.

Dukani usisome ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, wati 300, wati 500. Tafuta neno RMS, yaani wati za kudumu, hiyo ndiyo kazi ya kweli. Na kwa redio yako isiyo na amplifaya, tafuta hasa ile namba ya desibeli, unyeti wa spika. Redio iliyoandikwa 50 mara nne kwa kweli inatoa wati 15 mpaka 20 za kudumu kwa kila spika, basi. Spika ya desibeli 90 na ya desibeli 87 zikipewa wati zilezile, hiyo ya 90 inasikika kana kwamba umezidisha wati mara mbili. Usinunue spika nzito ya wati nyingi inayodai amplifaya ambayo huna. Na iwe ya omi 4 (ukinzani wa spika).

Sasa milango, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Mlango wa 110 ndani ni bati lenye matundu makubwa. Spika inaposukuma hewa mbele, mgongo wake unavuta hewa nyuma, na ile ya nyuma inapita kwenye matundu inakuja kuifuta ya mbele. Ni ugomvi uleule wa nyaya zilizogeuzwa, ila huu unatokea ndani ya mlango mmoja. Ukifunga spika ya laki tatu kwenye mlango wa namna hiyo inaimba kama kopo. Unatakiwa kuziba yale matundu na kubandika bati la nje kwa ndani lisitetemeke. Tumia shiti za butili (mpira unaonata) zenye karatasi ya alumini. Usidanganyike na tepu ya lami ya kuzibia bati la nyumba. Mchana wa Novemba gari likiwa juani, lami inalainika, inachuruzika na harufu yake haitoki. Bati lisugue kwa spiriti kwanza, lina mafuta na chumvi.

Halafu kuna jambo naomba ulisimamie mwenyewe hata fundi akikasirika. Nyuma ya kava kuna nailoni. Ile nailoni si takataka ya kiwandani. Mvua inaingia mlangoni kupitia kwenye kioo, inateremka ndani na kutoka kwenye vitundu vya chini kabisa. Nailoni ndiyo inayoizuia isiingie kwako. Ikichanika, masika utakuta maji chini ya zulia na spika imelowa mgongo. Na vile vitundu vya chini usiviziba na butili, mlango utaoza. Huku kwetu chumvi ya bahari haichelewi.

Pete za kushikia spika. Spika ya Toyota ina fremu yake ya plastiki yenye masikio, ya kununua haikai moja kwa moja. Wengi wanakata pete ya ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, na ubao ule ukinusa maji unaumuka kama andazi. Nenda kwa seremala akukatie pete mbili za mninga, unene wa sentimita 2 kasoro, uzipake vanishi pande zote, hata ndani ya matundu ya skrubu. Kabla ya kutoboa, teremsha kioo mpaka chini. Sumaku ya spika mpya ni nene, na nimeona kioo kikivunjwa na spika siku ya kwanza.

Nyaya: nunua ile plagi ya Toyota yenye upande wa redio, uondoe kabisa huo usokotaji. Kama hupati, unga kwa kulehemu na uvike mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na tepu kwa hewa ya Mtwara, mwaka wa pili unakuta unga wa kijani.

Amplifaya acha mpaka msimu ujao. Siku hiyo ikifika chukua ndogo ya njia nne yenye RMS 50 za kweli, waya wa shaba tupu. Kwangua kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, isizidi. Waya ule mrefu ukichubuka mahali popote bila fyuzi karibu, gari linawaka moto. Hapo sisemi kwa kutisha.

---

Mwalimu wa Chikongola (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi na taarifa. Samahani kwa kuchelewa, ilikuwa mitihani.

Seti ya spika iliyotengana nimeagiza kupitia mtu wa Kariakoo, imekuja na basi: 130,000. Unyeti wake ni desibeli 91, RMS 60, omi 4. Butili 60,000. Plagi ya Toyota 10,000, nayo ilikuja kwenye mzigo huohuo. Seremala wa Majengo amenikatia pete za mninga kwa 10,000, na alitaka sana kujua ni za nini. Nilipomweleza akazipiga msasa kuliko nilivyotarajia. Fundi wa kufunga, tofauti na yule wa 2019, 40,000. Jumla 250,000. Ile laki moja iliyobaki nimeirudisha kwa mama.

Nilikaa naye fundi kutwa nzima. Nailoni ya kushoto ilikuwa imechanwa tayari na imekunjwa chini, na kweli ndani ya mlango kulikuwa na mstari wa kutu. Tumekata nailoni mpya nzito, tumeibandika kwa utepe wa butili pembeni. Alitaka kuziba vitundu vya chini, nikamzuia, nikamwonyesha maneno ya Fundi Rewaya kwenye simu. Akasoma mpaka mwisho, akasema huyu mtu anajua. Kabla hatujarudisha makava tulipima tena kwa betri ya tochi, spika kubwa, upande kwa upande.

Mlango sasa ukiufunga unalia tofauti. Zamani ulikuwa bati, sasa unafunga kwa mlio mmoja mfupi na mzito.

Katibu naye amekubali. Simu inakaa juu ya stendi ya vitabu, hatua tano mbele, na faili linakuja kama dokumenti. Dada wa Mikindani, tofauti yake siwezi kuipima. Nadhani kwa tena peke yake imefanya kazi kubwa kuliko spika.

Juzi Ijumaa nilitoka Ndanda saa tisa na nusu. Mpaka Nanganga nilisikiliza kwa vioo vimefungwa, jasho likinitoka, kwa sababu nilitaka kusikia vyote. Sauti nne zimesimama kwenye dashibodi, soprano kidogo kushoto, wanaume kulia kidogo, kama wanavyosimama kanisani. Wimbo wa kutoa sadaka tunaouimba tangu mwaka juzi una mahali ubeti wa tatu ambapo huwa unapwaya, na nimekuwa nikiwalaumu soprano kwamba wanateremka. Kabla ya Nyangao nilisikia kinachotokea. Tena wawili wanaachia noti yao na kumfuata besi, kwa sababu ya kwao ni ngumu kuishika. Wimbo unabaki na tundu katikati, na soprano wanakosa pa kuegemea. Nilisimamisha gari pembeni nikarudia sehemu ile mara saba. Nikawatambua wote wawili kwa majina.

Jumamosi sikumkemea mtu. Niliwaita wawili hao nusu saa kabla ya wenzao, tukakaa na kinanda, tukaishika noti ile mpaka ikakaa. Kiongozi wa besi alikuwepo, ndiye aliyewashikia sauti ya chini ili wajipime nayo.

Kuna jambo dogo limebaki. Nikiwasha gari, kwenye ukimya kati ya wimbo na wimbo nasikia mluzi mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta. Kwenye flashi haupo. Upo tu nikichaji simu kwenye kiberiti cha gari huku imeunganishwa kwa waya kwenye redio. Ni kitu cha kuogopa?

---

Fundi Rewaya, Lindi

Hapana. Huo ni mluzi wa alternata, ile mashine ya injini inayochaji betri, unaingia kupitia hasi ya chaja kwenda kwenye waya wa sauti, kwa sababu simu imeshika hasi ya gari sehemu mbili. Ukisikiliza kwa flashi au Bluetooth haupo. Ukitaka waya, usichaji wakati huohuo.

Na siku ukipita Mnazi Mmoja ukiwa na nafasi, kata kushoto badala ya kulia uje mpaka Lindi. Nataka kuisikia hiyo ubeti wa tatu.

---

Alto wa Mikindani

Mwalimu, hao tena wawili, noti yao ni ipi?

---

Mwalimu wa Chikongola

Ni "fa", dada, wakati besi wapo "re". Wimbo upo kwenye G, kwa hiyo ni C ya katikati. Wanaifikia vizuri wakiwa peke yao.

---

Alto wa Mikindani

Na sisi alto tunashika nini hapo? Kama ni "la", tupo juu yao tu kidogo na huenda tunawafunika. Mwambie katibu Alhamisi arekodi mara ya kwanza wale wa tena peke yao, mara ya pili wa tena pamoja na alto, mara ya tatu wote. Faili tatu. Uzisikilize kwa mfuatano kuanzia Mtama.